Kifusi cha mgodi wa makaa ya mawe: shamba linaweza kurudi?

Hapa Mwanhuzi hatuchimbi makaa ya mawe. Lakini kule Ngaka, wilayani Mbinga mkoani Ruvuma, yanachimbwa kwa shimo la wazi. Anayeishi jirani na shimo la namna hiyo, liwe la makaa au la dhahabu, hubaki na swali: kifusi kikirudishwa, ardhi italimika tena? Tunaeleza.

Kifusi ni nini?
Ni kila kilicholala juu ya makaa: udongo wa shamba, chini yake udongo mgumu, kisha mawe ya mchanga na ya tope. Mawe hayo ya Ngaka yalianza kujengeka zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Kwenye migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, mawe ya kutupwa tunayaita magwangala.

Umbile lake
Mwamba ukivunjwa huchukua nafasi zaidi, mara nyingi kwa robo au kupita hapo. Ndiyo maana hubaki vilima. Katikati ya mapande makubwa maji ya mvua hupita haraka. Palipokanyagwa na malori hayaingii kabisa. Chukua udongo mkavu wa ujazo wa debe la lita 20. Ule wa shamba zuri una kama kilo 26. Kifusi kilichoshindiliwa hufika kilo 36, na mzizi wa pamba hupata taabu kupenya humo.

Kemikali zake
Kifusi cha chini hakina mboji, na naitrojeni na fosforasi ni haba. Hatari kubwa ni pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu. Yakiwa ardhini yametulia. Yakikutana na hewa na maji, hutoa asidi ya salfa, ile iliyomo kwenye betri ya gari.

Asidi hupimwa kwa pH. Namba 7 ni katikati, na mazao mengi hupenda 5.5 hadi 7.5. Kifusi chenye pairaiti nyingi huweza kushuka chini ya 4. Hapo alumini huyeyuka na kudhuru mizizi, na maji yanayotiririka huwa na rangi ya kutu. Si kila kifusi kiko hivyo: chenye chokaa ya kutosha huizima asidi. Bila kupima huwezi kujua.

Uulize nini kwenye mkutano wa kijiji?
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi wa mgodi kuanza. Uliza:

- Udongo wa juu utatengwa wapi, ili urudishwe juu?
- Mawe yamepimwa pairaiti, na yenye asidi yatafukiwa wapi?
- Maji ya mvua kutoka kwenye vilima yataelekea mto gani?

Udongo wa juu ukichanganywa na mawe siku ya kwanza, hakuna wa kuutenganisha baadaye. Na ukiona maji ya rangi ya kutu karibu na mgodi, usinyweshe mifugo. Toa taarifa kwa afisa mazingira wa wilaya.