Braga na Majina ya Siku

Mfaransa akisema mardi, Mhispania akisema martes, wote wanamtaja Mars, mungu wa vita wa Warumi, hata kama hawamkumbuki tena. Mreno yeye anahesabu tu: segunda-feira, terça-feira, quarta-feira. Siku ya pili, ya tatu, ya nne. Sisi wenye Jumatatu na Jumanne tusishangae sana, ila hesabu hazilingani: wao wanaanza na Jumapili, sisi tunaanza na Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa. Ndiyo maana Jumatano yetu, siku ya tano, kwao ni ya nne.

Ukiuliza chanzo cha mambo haya, utapelekwa Braga, kaskazini mwa Ureno. Warumi waliuanzisha mji huo zama za Kaisari Augustus wakauita Bracara Augusta, na baadaye ukawa makao makuu ya jimbo la Gallaecia. Utawala wa Rumi ulipoondoka, Wasuevi wakaufanya mji wa wafalme wao. Karne ya 6 akaja mtawa Martin, mzaliwa wa Pannonia, akajenga monasteri huko Dume, nje kidogo ya mji, kisha akawa askofu wa Braga yenyewe.

Martin aliandika hotuba ya kuwarekebisha watu wa mashambani. Ina ukali, lakini ni ukali wa mtu anayewajua majirani zake vizuri: wanawasha mishumaa kwenye mawe, miti, chemchemi na njia panda, wanatupa mkate majini, halafu siku wanaziita kwa majina ya mashetani! Mapokeo yanampa yeye sifa ya kuyafuta majina hayo. Mimi nasita kumpa sifa yote, maana Kanisa la Kilatini lilikuwa likihesabu siku hivyo kabla yake. Ajabu ni kwamba kwingine hesabu hiyo ilibaki kwa mapadri, Ureno ikaingia hadi sokoni.

Si kila kitu kilifutika. Fonte do Ídolo, chemchemi ya ibada ya kale yenye sanamu na maandishi ya Kilatini yaliyochongwa mwambani, ipo Braga hadi leo. Na miezi haikuguswa: Machi bado ni ya Mars. Jina la mji lenyewe lilimpoteza Augustus njiani, likabaki Braga tupu, lakini kila mwaka watu wake wanamtaja mwezi mzima, agosto, kama sisi na Agosti yetu.