Histeresisi au ukawiaji?

Simama Ipuli asubuhi, hapa Tabora mjini, utazame baiskeli za mkaa zikiingia. Gunia limelala juu ya keria, na kilicholibana si kamba bali ukanda uliochanwa kwenye tyubu kuukuu. Kamba hulegea mkaa ukishashindiliwa na mashimo ya njiani. Tyubu hulifuata gunia kadiri linavyonywea. Sifa hiyo vitabu vyetu vya sayansi huiita unyumbufu, na sina ugomvi na istilahi hiyo. Ugomvi wangu uko kwa jirani yake, ambaye wahandisi wanamtaja kwa jina la kuazima: histeresisi.

Tyubu hazifanani. Chana kanda mbili za upana, unene na urefu uleule, moja ya mpira asilia, nyingine ya butili, mpira wa kiwandani uliobuniwa Marekani mwaka 1937 na ambao tyubu nyingi za magari hutengenezwa kwao. Zitundike tawini, kila moja na chupa ya maji ya lita moja. Vuta chupa chini kidogo, uachie. Ya mpira asilia itapanda na kushuka kwa muda. Ya butili itatikisika mara chache, basi. Ndiyo maana mtoto anayejua manati haokoti tyubu yoyote tu. Huivuta kwanza, aone inavyorudi.

Histeresisi yenyewe ni hii: kazi uliyoitumia kuvuta ukanda hairudi yote. Chora grafu ya nguvu na urefu: mstari wa kwenda hupita juu, wa kurudi hupita chini, na kati yake huachwa kitanzi. Eneo la kitanzi hicho ndilo kipimo cha kazi iliyogeuka joto. Lakini tusichanganye majoto. Mwaka 1805 John Gough, Mwingereza aliyekuwa kipofu, alieleza kwamba ukanda wa mpira ukivutwa ghafla na kugusishwa mdomoni husikika una joto, na ukiachiwa hupoa. Hilo hutoka kwenye kuvuta na kufyonzwa kwenye kuachia. Ninalolisema mimi ni lile linalobaki baada ya safari zote mbili, ambalo huongezeka kila mpira unapovutwa tena.

Aliyetoa jina la histeresisi ni James Ewing, Mskoti aliyekuwa akifundisha Tokyo, mwaka 1881, naye alikuwa akichunguza sumaku, si mpira. Alilichota kwenye Kigiriki, katika neno lenye maana ya kubaki nyuma. Sisi tunacho kitenzi chake: kukawia. Nisingechukua kuchelewa. Basi la Nzega likikuacha stendi, umechelewa. Ukirudi nyumbani usiku kwa kuwa ulipitia kwa shemeji, umekawia. Mpira haukosi kufika, hukawia njiani. Kwa hiyo napendekeza ukawiaji, na ile picha ya kwenye grafu tuiite kitanzi cha ukawiaji.

Butili hukawia kwa sababu ya umbo lake. Molekuli zake ni minyororo mirefu iliyosheheni vikundi vya methili, viwili viwili, vinavyosongamana hata mnyororo ukajigeuza kwa shida. Msongamano huohuo huizuia hewa kupenya, ndiyo maana tyubu ya butili haidai pampu kila mara. Minyororo ya mpira asilia ina nafasi zaidi, hujigeuza upesi.

Kwa lori la mizigo jambo hili si la mchezo. Kila gurudumu linapozunguka, tairi hupindika na kunyooka. Ukizidisha mzigo na upepo ukawa mdogo, hupindika zaidi, joto hulimbikizana ndani, matabaka huachana na tairi hupasuka. Kwa hiyo matairi ya malori, na ya ndege pia, hutegemea sana mpira asilia.

Hata hivyo ukawiaji si kasoro. Sehemu ya tairi la gari dogo inayokanyaga lami huchanganywa mpira wa stirini na butadieni, unaokawia zaidi, makusudi: unapobonyea kwenye vijiwe vya lami iliyolowa na kusita kurudi, ndipo unaposhika barabara. Fundi akilipasua tairi lisilo na tyubu atakuta aina zote: huo wa kushikia barabara nje, mpira asilia kwenye mbavu zinazopindika, na ndani kabisa tabaka jembamba la jamii ya butili, ambalo kazi yake ni kuzuia upepo tu.