Wajina wa majini: majina ya meli za vita katika Ziwa Tanganika

Sisi watu wa Kiringye hatuko watu wa ziwa hasa. Tuko bondeni mwa Ruzizi, kazi yetu ni mpunga, mahindi na mihogo, na ziwa tunaliona siku ile tunaposhuka Uvira. Lakini habari za meli za Wajerumani na Wabelgiji tumekua nazo, maana vita vile vya 1914 vilifika hata kwetu: Wajerumani walikaa ng'ambo ile ya Ruzizi, Wabelgiji ng'ambo hii, na mwenye ziwa ndiye aliyeweza kupitisha askari na chakula.

Katika kikundi chetu, siku moja, ulizuka ubishi. Mmoja wetu alikuwa amesoma kwamba meli ya Wajerumani iitwayo Wissmann ilipigwa na Waingereza tarehe 13 Agosti 1914, ikaharibiwa hata haikuweza tena kwenda. Mwingine akasema, haiwezekani, maana tarehe 22 Agosti 1914 Wissmann hiyo hiyo ilifika Lukuga, pale Kalemie ya leo, ikaipiga kwa mizinga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Siku tisa tu! Basi, je, meli ilifufuka?

Kumbe wote wawili walikuwa na haki. Wissmann zilikuwa mbili, ziwa mbali na ziwa. Ya kwanza iliitwa Hermann von Wissmann, nayo ilikuwa katika Ziwa Nyasa. Ya pili, Hedwig von Wissmann, ilitembea katika Tanganika yetu tangu 1900. Hermann ni yule mkubwa wa Wajerumani aliyevunja vita vya Abushiri kule pwani, kisha akawa gavana. Hedwig ni mke wake. Mume akapewa ziwa lake, mke akapewa lake.

Habari ya yule mume inachekesha kidogo. Kapiteni wa Kiingereza, Rhoades, mwenye meli Guendolen, na kapiteni wa Wissmann ya Nyasa walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Rhoades alipata habari ya vita mapema, akaja Sphinxhafen (leo ni Liuli, Tanzania), akamkuta mwenzake amepandisha meli nchi kavu kwa matengenezo, akapiga mzinga. Yule Mjerumani akaja mbio na mtumbwi akiuliza kama rafiki yake amelewa. Hakujua kama vita vimeanza. Akakamatwa.

Mke ndiye aliyetusumbua huku. Tangu Agosti 1914 Hedwig alitembea kama mwenye nyumba, pamoja na mdogo wake Kingani, na Wabelgiji hawakuwa na kitu cha kuwazuia. Ndipo Waingereza wakaleta mashua mbili za moto, kila moja urefu wa mita 12 tu. Zilitoka Uingereza mpaka Cape Town, zikapanda gari moshi mpaka Fungurume, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na ng'ombe, tena reli, tena mto Lualaba, tena reli, zikafika upande wa Lukuga mwisho wa Oktoba 1915. Waliokata miti, waliotengeneza njia na madaraja ya kupitisha mizigo ile ni watu wa nchi hii. Majina ya maofisa wa safari ile yamo vitabuni mpaka leo. Ya hawa hayamo.

Na mashua zenyewe? Mkubwa wao, Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake London wakakataa. Akatoa majina ya Kifaransa, Mimi na Toutou, ambayo kwa watoto wa Ulaya ni paka na mbwa vile vile, na hayo wakubwa wakayakubali. Kwetu sisi wa Kiswahili jina la kwanza linaleta kicheko. Nani aliizamisha Hedwig? Mimi!

Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilikamatwa, ikatengenezwa, ikapewa jina jipya, Fifi. Na tarehe 9 Februari 1916 Mimi na Fifi wakaifukuza Hedwig mpaka ikazama. Tazama basi: Kingani ya jana, kwa jina la Fifi, ilimuua dada yake.

Wakubwa wa meli za vita wana desturi ambayo sisi tunaielewa upesi. Meli ikifa, jina halizikwi, linapewa nyingine. Kwetu mtoto akipewa jina la babu yake, babu humwita wajina, na watu humtazama kama ataleta sifa au aibu ile ile. Mfano tulio nao karibu ni Königsberg. Hii ilikuwa meli kubwa ya Wajerumani baharini. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, kisha ikajificha katika midomo ya Rufiji, na huko ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliitoa mizinga yake kumi, wakaitawanya nchi nzima. Mmoja ukapanda gari moshi mpaka Kigoma, ukawekwa juu ya Graf von Götzen, meli yao kubwa ya Tanganika iliyoshushwa majini mwezi wa Februari 1915. Kwa hiyo kipande cha Königsberg kilitembea katika ziwa letu, sisi tusijue.

Lakini jina lilibaki Ulaya. Königsberg ya pili ilianza kazi mwaka wa 1916. Baada ya vita Wafaransa wakaichukua, wakaiita Metz. Ya tatu iliteremshwa majini 1927, nayo ilizamishwa na ndege za Waingereza huko Bergen, Norway, mwezi wa Aprili 1940. Wajina watatu, na hakuna hata mmoja aliyebaki. Na mji wenyewe uliotoa jina, tangu 1946 unaitwa Kaliningrad.

Götzen ilipata bahati nyingine. Jina lile lilikuwa la gavana wa wakati wa Maji Maji, na hatujasikia mtu wa ziwa aliyelililia. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma tarehe 26 Julai 1916, kwa uangalifu, mashine zikiwa zimepakwa mafuta ili siku moja waitoe. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua Machi 1924, na mwezi wa Mei 1927, mwaka ule ule wa Königsberg ya tatu, ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Jina hili halikutoka kwa gavana wala kwa mke wa gavana. Ni jina ambalo watu wa kusini waliliita ziwa lenyewe, Livingstone akalisikia kwao 1867. Kati ya meli zote tulizozitaja, hii peke yake ilipata wajina wake hapa hapa, nalo ni ziwa.

Wengi wetu hatuna haja ya kitabu kuijua Liemba. Mwaka wa 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Umoja wa Mataifa uliitumia kurudisha watu wetu waliokimbilia Tanzania. Kwa miezi mitano ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikabeba watu zaidi ya 75,000. Walishuka na sufuria, mikeka na watoto waliozaliwa ukimbizini. Pale bandarini hakuna aliyeulizia Götzen. Watu waliuliza tu, Liemba imefika?