Uso Uliopotea Kwenye Kopi: Historia Fupi ya Kipimo cha Mwanga

Mwanzoni mwa kila mwaka wa masomo huletwa idarani kwetu mafaili ya wanafunzi wapya, na ndani ya kila faili mna kopi ya kitambulisho. Jina linasomeka, nambari inasomeka, tarehe ya kuzaliwa pia inasomeka. Lakini pale penye picha pana doa jeusi juu ya ukosi wa shati jeupe. Mwaka mmoja tulimrudisha mwanafunzi akatoe kopi nyingine kwenye vibanda vya Wandegeya. Alirudi na kopi ambayo doa lake lilikuwa jeusi kuliko la kwanza. Tulimlaumu mwenye mashine. Baada ya kuifuatilia habari hii tumegundua kwamba lawama ile haikuwa yake peke yake, na tumeona vyema tuwashirikishe wasomaji wetu, walimu na wanafunzi, katika yale tuliyojifunza.

Tuanze na kamera. Picha ni kazi ya mwanga. Mwanga ukiifikia filamu kwa wingi kupita kiasi, mafundi wetu wa studio husema picha “imeungua”. Ukiwa mchache, picha hutoka na giza. Tangu Daguerre wa Ufaransa alipotangaza njia yake ya kupiga picha mwaka 1839, kazi kubwa ya mpiga picha ilikuwa kukadiria kiasi hicho kwa macho na uzoefu. Mwaka 1932 kampuni ya Weston ya Marekani ilianza kuuza kifaa cha kupimia mwanga kwa umeme, na mwaka 1938 Kodak ikatoa kamera ya kwanza iliyojipimia mwanga yenyewe, Super Kodak Six-20. Hapo ukadiriaji ukaanza kuhama kutoka kwa mtu kwenda kwa mashine.

Sasa mashine hupimaje? Haijui kama kilicho mbele yake ni uso, ukuta au shuka. Huchukulia kwamba mandhari yoyote, ikichanganywa pamoja, hutoa rangi ya kijivu cha wastani. Wapiga picha wana hata kadi maalumu ya kijivu, inayorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia, ya kulinganishia vipimo vyao. Tazama basi picha ya pasipoti: mtu mweusi amekaa mbele ya kitambaa cheupe. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Kitambaa kinatoka vizuri, uso unazama gizani. Ndiyo maana mpiga picha mzoefu wa studio zetu, akiona bibi harusi mwenye gauni jeupe, haiamini kamera yake moja kwa moja. Huongeza mwanga kidogo kwa ajili ya uso.

Filamu ya rangi ilileta tatizo jingine. Hapo awali wateja wa Kodak nchini Marekani walirudisha filamu kwa kampuni hiyohiyo ili isafishwe. Mwaka 1954, kutokana na hatua ya serikali dhidi ya ukiritimba, Kodak ilikubali kutenganisha uuzaji wa filamu na usafishaji wake, na maabara binafsi zikapata nafasi. Ili rangi zilingane kila mahali, maabara hizo zilipewa kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zikaitwa “Shirley”, jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa picha hiyo. Wanawake walibadilika baadaye, jina likabaki. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ionekane sawa, na yeyote asiyefanana naye alitoka atakavyotoka. Katika picha ya darasa lenye watoto wa rangi mbalimbali, weupe walionekana vizuri, na weusi mara nyingi wakabaki macho na meno.

Huku Afrika jambo hili halikupita bila kuonwa. Mwongozaji filamu Jean-Luc Godard alialikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, nchi ilipokuwa imepata uhuru karibuni, asaidie katika mipango ya televisheni. Inasimuliwa kwamba alikataa kutumia filamu ya Kodak kwa sababu, kwa maoni yake, ilikuwa ya kibaguzi. Nchini Afrika Kusini mwanga wa kamera uligusa maisha ya watu kwa njia nzito zaidi. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba vifaa vya kampuni yao vilitumika kutengenezea picha za vitabu vya pasi ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba. Walianzisha kampeni ya kuisusia kampuni, na wakapoteza kazi. Mwaka 1977 Polaroid ilijitoa Afrika Kusini. Wasomaji wetu wa Kenya hawatakosa kukumbuka neno “kipande”, cheti ambacho serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kutembea nacho. Chenyewe kilikuwa na alama za vidole, lakini shabaha ilikuwa ileile: kumtambua mtu ili kumdhibiti.

Ajabu ni kwamba uso haukuhitajika kupotea. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, katika makala yake ya mwaka 2009, alionyesha kwamba miongoni mwa waliosukuma Kodak kuboresha rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri kwenye matangazo. Filamu bora zaidi zilifika sokoni katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 Kodak ikatoa kadi yenye wanawake wa rangi tofauti. Hata simu za mkononi zimerithi suala hili. Mwaka 2021 Google ilipotoa simu ya Pixel 6 ilitangaza kwamba kamera yake imerekebishwa ili ionyeshe vyema ngozi za rangi zote. Kutoka kadi ya kwanza ya Shirley hadi hapo ni zaidi ya nusu karne.

Turudi kwenye kopi yetu ya Wandegeya. Mashine ya fotokopi ilizaliwa ofisini. Chester Carlson alifanya kazi katika idara ya hataza ya kampuni moja mjini New York, na alichoshwa na kunakili maandishi. Tarehe 22 Oktoba 1938, mtaani Astoria, aliandika tarehe na jina la mtaa kwenye kioo, akaipa umeme sahani ya zinki iliyopakwa salfa kwa kuisugua kwa kitambaa, akaimulika kupitia kile kioo, kisha akainyunyizia unga. Pale mwanga ulipopiga, umeme ulitoweka. Pale maandishi yalipoziba mwanga, umeme ulibaki na kushika unga. Unga huo ukahamia kwenye karatasi ya nta. Hiyo ndiyo kopi ya kwanza. Mwaka 1959 ilitoka mashine ya Xerox 914, nayo ikaenea maofisini.

Angalia vizuri: tangu siku ya kwanza kilichonakiliwa ni maandishi meusi. Mashine za mwanzo zilinakili kingo za herufi barabara, lakini sehemu pana nyeusi zilitoka na mabaka katikati. Picha haikuwa mteja aliyekusudiwa. Katika mpangilio wa maandishi hata mashine za leo huelekea kuamua kwa ukali: hiki ni cheupe, hiki ni cheusi. Uso wenye kahawia ya namna kumi huhesabiwa wote kuwa wino.

Ndipo tulipoelewa kosa la kopi ya pili. Mhudumu aliona picha haionekani, akabonyeza kitufe cha kukoleza, kama anavyofanya kila siku maandishi yanapofifia. Kukoleza huko kuliinusuru herufi na kuuzika uso. Tulijaribu kinyume chake kwenye mashine ya idara: tukachagua mpangilio wa picha badala ya maandishi, tukapunguza wino hatua mbili. Maandishi yalififia kidogo, lakini uso ukatokea, macho, pua na tabasamu. Tangu hapo tumekubaliana kwamba kila kopi ya kitambulisho, na kila ukurasa wa kitabu wenye picha za watu tunaowagawia wanafunzi, utolewe hivyo.

Je, haya yanamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Sisi pia tuna kipimo chetu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikakisimamia. Kipimo hicho kimetufaa. Bila hicho tusingekuwa na vitabu vya pamoja wala mitihani. Lakini kilichaguliwa, hakikushuka kutoka mbinguni. Mwanafunzi anayeingia darasani na Kiswahili cha Bunia au cha sokoni Kampala ana lugha yenye kanuni zake. Tukimsahihisha kwa kitufe kimoja tu cha kukoleza wino mwekundu, tutasoma makosa yake vizuri sana, na yeye mwenyewe hatutamwona.

Tunamalizia kwa ombi. Kile kiasi cha mwanga kinachoruhusiwa kuifikia filamu bado hatujakipatia neno moja linalokubaliwa na wote. Msomaji mwenye neno linalotumika kwao, hasa kutoka kwa mafundi wa studio, atuletee ili tulijadili katika toleo lijalo.