Dhahabu ya Bibi Harusi, Pembea ya Sikukuu na Kamba Moja

Najua mabibi harusi mnahangaika na seti za dhahabu, na kina mama mnawaza nguo za sikukuu za watoto. Leo nataka tuyaweke mambo hayo mawili pamoja, kwa sababu historia imeshayaweka pamoja muda mrefu. Biashara yangu ya mabuibui na mashela hunifikisha Kahama na Geita, kwenye dhahabu yenyewe. Ukitazama watu wanavyoshushwa na kupandishwa kule machimboni, kisha ukarudi visiwani ukatazama watoto wanavyozungushwa kwenye pembea, utaona ni fundi mmoja, hesabu moja na hatari moja.

Tuanze na pembea. Wengi hudhani gurudumu la kupandia watoto ni jambo la Wazungu. Mwaka 1615 msafiri wa Kitaliano, Pietro Della Valle, alikuwa Istanbul katika sherehe za Ramadhani, na alipanda gurudumu kubwa lililokuwa likiwapeleka watu juu na kuwashusha. Miaka mitano baadaye, mwaka 1620, Mwingereza Peter Mundy aliona magurudumu na mabembea ya aina hiyo katika mji ambao leo unaitwa Plovdiv, Bulgaria, ulipokuwa chini ya dola ya Uthmaniya. Alieleza kuwa watu walikuwa wakichezea siku ya Bairam, yaani Idi. Kwa hiyo mtoto wako anapolilia pembea siku ya Idi mosi, analilia kitu cha sikukuu chenye zaidi ya miaka 400.

Magurudumu yale yalikuwa ya mbao na yalisukumwa kwa mikono. Mbao ina ukweli wake: ikichoka hulia, hupasuka, na fundi huona. Mambo yalibadilika chuma kilipoingia, na somo la chuma lilipatikana kwanza migodini.

Ujerumani, katika milima ya Harz, wachimbaji walikuwa wakivuta mizigo kwa minyororo ya chuma. Ubaya wa mnyororo ni kuwa pete moja tu ikikatika, kila kitu kimekwenda, na haikuambii kabla. Afisa wa migodi aitwaye Wilhelm Albert aliijaribu minyororo hiyo, akaipakia mzigo na kuupakua mara nyingi mfululizo. Akagundua kuwa chuma huvunjika hata kwa uzito kinaoumudu, kikirudiwa rudiwa tu. Sisi mafundi cherehani hatuhitaji kwenda Ujerumani kulijua hili. Chukua pini, ikunje, inyooshe, ikunje tena. Mara ya kwanza haina neno, lakini ukiendelea itakatikia mkononi bila ya kutumia nguvu yoyote. Chuma nacho huchoka, na uchovu wake hauonekani.

Mwaka 1834 Albert akasokota nyuzi za chuma kuwa kamba, na ikaanza kutumika katika mgodi wa Caroline, Clausthal. Kamba ya nyuzi nyingi ina huruma ambayo mnyororo hauna. Uzi mmoja ukikatika, wenzake hubeba, na ncha yake huchomoza nje ikamwambia fundi kuwa kamba inazeeka. Kamba hiyo ndiyo mama wa kamba za chuma za winchi, lifti, kreni na pembea za leo.

Treni ya kuteremka kwa kasi nayo imetoka mgodini. Huko Pennsylvania, Marekani, mwaka 1827 ilijengwa reli ya kushushia makaa ya mawe kutoka mlimani kwenda mji wa Mauch Chunk. Mabehewa yaliteremka kwa uzito wake yenyewe, na nyumbu wakayarudisha juu matupu. Watu wakaanza kupanda kwa furaha ya mteremko tu, na makaa yalipopata njia nyingine katika miaka ya 1870, reli ikabaki ya matembezi. Ilifungwa mwaka 1933 na vyuma vyake vikauzwa kama chakavu. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson alifungua reli yake ya burudani Coney Island, New York, kwa senti 5 kwa mtu. Na katika treni nyingi za namna hiyo, ule mlio wa tak-tak-tak unaousikia gari linapopanda ni ulimi wa chuma unaoangukia kwenye meno ya reli, ili kamba au mnyororo ukikatika gari lisirudi nyuma.

Ulimi huo ukishindwa, maafa. Tarehe 30 Mei 1972, katika bustani ya Battersea, London, gari la pembea iitwayo Big Dipper liliachana na kamba iliyokuwa ikilivuta kupanda, na breki ya kulizuia lisirudi nyuma haikushika. Watoto watano walikufa. Pembea ile ilikuwa ikifanya kazi tangu 1951, haikufunguliwa tena na ikabomolewa. Siku hiyo vilishindwa vitu viwili kwa pamoja, chenye kuvuta na chenye kuokoa. Ndiyo maana fundi wa kweli hukagua vyote viwili, hata kile ambacho hakijawahi kuhitajika.

Sasa twende Geita. Wajerumani waliona dalili za dhahabu kule mwaka 1898. Katika miaka ya 1930 mgodi mkubwa ukaanza, ukafanya kazi hadi 1966, na mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Upande wa Kahama, mkoa wa Shinyanga, Bulyanhulu ilianza uzalishaji mwaka 2001, na huo ni mgodi wa chini ya ardhi wenye shimo refu la kwenda wima. Kwenye shimo la namna hiyo kamba ina daftari lake: siku iliyofungwa, siku iliyopakwa grisi, nyuzi ngapi zimekatika, unene umepungua kiasi gani. Ikifika kiwango kilichowekwa inastaafu, hata kama kwa macho yetu bado inang'ara.

Pembeni kuna wachimbaji wadogo na maduara yao. Duara ni shimo tu, lina roda juu, kamba, na winchi ya mkono au ya injini. Anayeshuka ni mume wa mtu, kaka wa mtu. Mwezi wa Novemba 2015 watu watano walitolewa hai Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Kule ni shimo lililoporomoka, kamba haikuwa na kosa. Lakini aliyeko chini hana uwezo wa kukagua kilichoko juu yake, kama vile mtoto aliyefungwa mkanda kwenye pembea asivyoweza kukagua bolti. Wote wawili maisha yao wameyakabidhi kwa mtu mwingine.

Hapa ndipo lilipo suala lenyewe: kifaa kilichostaafu huenda wapi? Gurudumu la kwanza la George Ferris, lililosimama Chicago mwaka 1893 kwa urefu wa mita 80 hivi, lilivunjwa kwa baruti mwaka 1906 likauzwa chakavu. Gurudumu la Vienna la mwaka 1897 liliungua vitani mwaka 1944, na lilipojengwa upya lilirudishiwa vibanda 15 badala ya 30, ili chuma kilichozeeka kisibebeshwe mzigo wa ujana wake. Hivyo ndivyo kustaafisha kwa heshima.

Kwetu chuma huuzwa kwa kilo. Kamba, beringi, pini au bolti ikishaingia kwenye rundo la chakavu haina tena daftari, na mnunuzi haoni umri wake. Akiipaka rangi, inaonekana mpya. Rangi ni kama poda juu ya jeraha, inaficha ufa wala haiuungi. Ndiyo maana kanuni ya mafundi makini ni kuikata vipande kamba iliyostaafu na kuiharibu bolti iliyochoka kabla ya kuitupa, ili isirudi kazini mahali pengine. Nasi tufanye hivyo hivyo na mkasi wa kukatia shela: sindano iliyopinda huvunjwa, haiwekwi kwenye kopo.

Bara ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na OSHA ndio wasimamizi wake. Lakini mkaguzi hayupo kila asubuhi. Mama yupo. Ukimpeleka mtoto Kariakoo Unguja, Tibirinzi Pemba, au kwenye pembea za kuhamahama zinazofungwa na kufunguliwa kila sikukuu, simama dakika tano kabla hujalipa. Je, mkanda unafunga wenyewe au mtoto anaushika kwa mkono? Bolti zina nati zote, au pengine pamefungwa waya? Pana kutu inayochuruzika kwenye maungio? Muulize mwenye pembea ilikaguliwa lini, na nani aliikagua. Mwenye kazi safi hatakasirika. Akikasirika, mnunulie mtoto askrimu mwende zenu.

Na wewe bibi harusi, seti yako ikishafika, ujue kuna mtu aliteremka ili ipande. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mola. Manahodha wetu wanalijua hilo, hawatweki tanga kwa henza iliyolika hata upepo ukiwa mwema vipi. Tuwaombee dua wanaoshuka maduarani, na tuwadai wanaomiliki winchi na pembea wabadilishe kamba mapema. Kamba mpya ina bei, lakini bei yake inajulikana.

Wabillahi tawfiq.