Kabla Ubonyeze "Futa Zote", Soma Hii

Watu wa rika langu tumekubaliana kwamba SMS imekufa. Sijui tulikubaliana wapi. Mapenzi yako WhatsApp, vichekesho viko TikTok, sawa, lakini kodi ya nyumba, karo, matokeo ya mtihani, deni la Fuliza, namba ya siri ya benki na vitisho vya KRA vyote bado vinaingia kwa kile kisanduku cha zamani ambacho hakuna mtu anakifungua kwa raha. Halafu simu ikilalamika kwamba nafasi imejaa, kitu cha kwanza tunafuta ni hicho.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Meseji moja ni baiti 140. Meseji elfu kumi, maandishi yenyewe, ni kama baiti milioni 1.4. Hiyo ni chini ya picha moja ya kamera ya simu yako. Yaani unachoma daftari la miaka sita ili upate nafasi ya nusu ya selfi, na zile video 400 za kufowadiwa za "habari ya asubuhi" umeziacha zimelala pale pale.

Na hiyo namba 140 haikutoka hewani. Mwaka wa 1985, Mjerumani anaitwa Friedhelm Hillebrand alikaa Bonn akichapa sentensi za kawaida kwa mashine, maswali na taarifa za mtu wa kawaida, akihesabu herufi. Akaona nyingi zinaisha kabla ya 160. Alipoangalia postikadi na jumbe za teleksi, akaona ni vilevile. Njia ambayo meseji ingepitia ilikuwa nyembamba, ilikuwa imetengewa simu na mtambo kusalimiana tu, kwa hivyo walibana: kila herufi biti saba, herufi 160 ndani ya baiti 140. Tarehe 3 Desemba 1992, injinia wa Uingereza, Neil Papworth, akiwa na miaka 22, akatuma SMS ya kwanza kutoka kwa kompyuta kwenda kwa bosi mmoja wa Vodafone, Richard Jarvis, aliyekuwa kwa sherehe. Ilikuwa salamu ya Krismasi. Jarvis hakujibu kwa sababu simu yake haikuwa na uwezo wa kuandika meseji. Miaka 22, wadau. Na wewe unaambiwa bado ni mtoto.

Hizo biti saba zina siri moja ambayo nikiwaambia watu hawaamini. Herufi zilizoingia kwa ile orodha ya kwanza zilikuwa za kilatini za kawaida na zingine chache za Ulaya. Kiswahili kinaingia humo chote bila shida, hatuna alama juu ya herufi. Lakini andika Gĩkũyũ sawasawa, na ile ĩ na ile ũ, na simu inalazimika kubadilisha mfumo mzima kwa sababu ya herufi moja tu. Meseji ya herufi 160 inakuwa ya 70. Hata emoji moja inafanya hivyo. Kwa hivyo kwa miaka mingi shosho akitumiwa meseji kwa lugha yake, ilikuja bila alama, na anayesoma alijijazia kwa kichwa. Wazee walisema sisi vijana tumeharibu lugha na ile "xaxa" na "cjui" na "2taongea". Mimi nasema lugha ilianza kukunjwa Bonn, sisi tuliendelea tu kupanga nguo ndani ya sanduku tulilopewa.

Kenya tuliingia kwa fujo kuanzia mwaka wa 2000, Safaricom na Kencell wakishindana. Simu za wakati huo, Nokia 3310 halafu ile 1100 yenye tochi, mulika mwizi kwa jina la mtaani, zilikuwa na tabia moja: nafasi ya meseji ilikuwa finyu kabisa. Ikijaa, kibahasha kinaanza kupepesa na hakuna kitu kinaingia mpaka utoe kingine. Kila Mkenya mzima aliyekuwa na simu wakati huo alikuwa mtunza nyaraka bila kujua. Alikaa kwa matatu akiamua: hii ya mapenzi ibaki, hii ya fundi itoke, hii ya kifo cha mjomba siwezi. Zilizotumwa zilikaa folda yao na zilizoingia folda yao, kwa hivyo ukisoma baadaye ulikuwa unapata nusu ya mazungumzo tu. Ni simu za kisasa, hasa baada ya iPhone ya 2007, zilizotuzoesha kuona meseji kama gumzo moja refu na mtu mmoja.

Na tulikuwa wabahili. Tulituma ile ya bure ya kuomba upigiwe. Tuliflashi. Mwaka wa 2005 ikaja Sambaza, ukaweza kumtumia mtu kredo, na hapo ndipo watu walianza kutumia kredo kama pesa. Wakati huo huo kulikuwa na majaribio Nairobi na Thika, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone wakitafuta njia ya watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Waliotumia waligundua matumizi yao wenyewe, wakaanza kutumiana pesa. Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa rasmi, na ile SMS ya kuthibitisha ikawa risiti ya taifa.

Fikiria uzito wa hiyo. Kabla ya hapo, mama mboga, fundi, mtu wa bodaboda, hakuna mahali maisha yake ya pesa yalikuwa yameandikwa. Sasa kila shilingi iliyotembea ina tarehe, saa, jina na salio. Mwanahistoria wa mwaka wa 2090 akipata simu moja tu ya mama mmoja wa Githurai, atajua bei ya unga, nani alikuwa anasomeshwa, chama kilikuwa na watu wangapi, na mwezi gani mambo yalikuwa magumu. Hiyo haiko kwa kitabu chochote cha shule.

Lakini kisanduku hicho hicho kilibeba sumu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, meseji za chuki za kikabila zilisambaa kwa simu kama moto wa nyasi. Serikali ilifikiria kuzima SMS kabisa. Michael Joseph, mkuu wa Safaricom wakati huo, alishawishi zisizimwe, na badala yake wateja wakatumiwa meseji za kuomba amani. Januari 2008 Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia wakaanzisha Ushahidi, ramani ambayo mtu wa kawaida angeripoti kinachotokea mahali alipo, kwa mtandao na kwa SMS. Kwa hivyo chombo kimoja, wiki zile zile, kilikuwa kinachochea na pia kinaandika ushahidi. Kabla ya uchaguzi wa 2013, tume ya mawasiliano ikaweka masharti ya meseji za kisiasa zinazotumwa kwa wingi, pamoja na kwamba ziandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili tu. Serikali iliogopa lugha za mama ndani ya herufi 160. Wazazi wetu wangapi walifuta zile za 2008? Wengi, nadhani, na siwalaumu, nani anataka kulala na kitu kama hicho chini ya mto. Lakini ndiyo maana leo mtu anaweza kukuambia usoni kwamba hakuna aliyeandika hayo.

Wakati sisi tunafuta, kuna waliogundua thamani ya kisanduku mapema. Kuanzia 2014 hivi, programu za mikopo zilipoingia, nyingi ziliomba ruhusa moja ndogo: kusoma meseji zako. Watu walibonyeza kubali. Programu ikasoma risiti zako za M-Pesa, ikajua unaingiza ngapi, unabeti kiasi gani, una madeni wapi, halafu ikaamua kama unastahili shilingi 500. Yaani kompyuta ya mtu iliheshimu historia yako kuliko wewe mwenyewe. Mwisho wa 2018 Google ilianza kuzibana programu zinazoomba ruhusa hiyo, mwaka wa 2019 tukapata Sheria ya Ulinzi wa Data, na 2022 Benki Kuu ikaweka kanuni za wakopeshaji wa kidijitali. Hata hivyo nenda sasa hivi kwa mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa, uangalie ni programu gani zinasoma SMS zako. Utashangaa kupata ya tochi.

Mimi hii mambo ilinigusa mahali panauma. Nilipoacha chuo, sitataja chuo gani, nilitaka cheti changu cha sekondari na barua ya kuondoka. Ofisi ikasema nina deni la muhula mzima. Mamangu alikuwa amelipa, lakini mfumo wao haukuwa na hiyo malipo, na yule wa dirishani aliniangalia kama mtu anayejaribu bahati. Risiti ya karatasi haikuwepo. Kilichotuokoa ni kwamba mamangu hafuti kitu. Simu yake ni kabambe, na akipata ingine hii ya kwanza inawekwa kwa kabati na chaja yake, imefungwa kwa leso. Tuliiwasha, tukashuka na kidole mpaka tukafika, meseji ile hapo, na msimbo wake. Dirishani waliandika ule msimbo kwa mashine yao na deni likapotea chini ya dakika moja. Hakuna aliyesema pole.

Hapo ndipo nilianza kuchunguza zile herufi za M-Pesa, na nitakupa kitu ambacho kingeniokolea mchana mzima. Msimbo si takataka za kubahatisha. Herufi ya kwanza ni mwaka: L ilikuwa 2017, N 2019, Q 2022, S 2024. Ya pili ni mwezi, A ni Januari mpaka L ambayo ni Desemba. Ya tatu ni siku: 1 mpaka 9 kwa namba, halafu A ni tarehe 10, B ni 11, inaendelea hivyo. Kwa hivyo msimbo unaoanza na NLJ ni wa tarehe 19 Desemba 2019. Mtu akikuonyesha risiti ya "jana" na msimbo unasema Machi mwaka juzi, mwambie asubiri hapo hapo. Na ukitafuta yako ya zamani, fungua meseji za MPESA, bonyeza kile kioo cha kutafuta, uandike herufi tatu. Au kiasi chenyewe na koma yake, kwa mfano 12,500.00, kwa sababu simu inatafuta vile ilivyoandikwa, si vile unavyoikumbuka. Jina la mtu nalo litafute vile lilivyosajiliwa. Landlord wako unayemwita Baba Kevo ana majina matatu ya kitambulisho, na hayo ndiyo yako kwa risiti.

Kingine ni kuangalia meseji imekaa wapi. Ya kweli inaingia kwenye gumzo la MPESA pamoja na wenzake wa miaka yote. Ya wale jamaa wa "nimetuma kimakosa, rudisha" inakuja peke yake, kutoka kwa namba ya kawaida, haina historia nyuma yake. Kisanduku kilichofutwa kila wikendi kinawasaidia hao, kwa sababu huko kila kitu kinafanana na kipya.

Kama lazima upunguze, anza na za kubeti, za ofa na zile namba za siri za kuingia, hizo zilikufa dakika tano baada ya kufika. Kwa programu ya meseji ya Google unaweza kubonyeza moja kwa muda ukaiweka nyota, na gumzo zima ukalipeleka kwa kumbukumbu bila kulifuta. Wenye iPhone, angalieni mipangilio ya meseji mahali pameandikwa muda wa kuzihifadhi: kuna siku 30, mwaka mmoja, au milele. Kuna watu wamewekewa siku 30 na aliyewauzia simu na hawajui. Na kabla ya kubadilisha simu hakikisha nakala imeenda kwa akaunti yako ya Google, au tumia SMS Backup & Restore utoe faili uiweke mahali pengine. Kusogeza laini peke yake hakusogezi meseji. Zilikaa kwa laini enzi za 3310, siku hizi zinakaa kwa simu.

Kama ni kesi, usitegemee skrinshoti peke yake. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinazungumzia cheti cha kuambatana na rekodi ya kielektroniki, kueleza imetolewaje na kwa kifaa gani. Weka simu yenyewe. Nimeona watu wanauza simu 1,500 kwa fundi wa mtaa wiki mbili kabla ya kwenda kwa tribunali ya nyumba.

Ile kabambe ya mamangu bado iko kwa kabati. Nimemwomba anikubalie niinakili yote, meseji moja moja, kwa daftari, kwa sababu haina njia ya kuzitoa. Amekubali, isipokuwa za babangu. Hizo amesema atanisomea mwenyewe akitaka.