Mshtuko wa moyo kwa wanawake: dalili zinazodhaniwa kuwa maumivu ya tumbo

Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kwa kuua watu duniani, wanaume kwa wanawake. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, magonjwa hayo yaliua watu wapatao milioni 17.9 mwaka 2019, karibu theluthi moja ya vifo vyote. Hata hivyo, wengi bado huuona mshtuko wa moyo kuwa maradhi ya wanaume. Dhana hiyo humchelewesha mwanamke kufika hospitalini.

Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa unaolisha msuli wa moyo unapoziba, mara nyingi kwa sababu ya mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wake na damu kuganda juu yake. Msuli uliokosa damu huanza kufa, na sehemu iliyokufa haifufuki. Ndiyo maana madaktari huhesabu dakika.

Dalili zake ni zipi?

Kwa wanawake, kama ilivyo kwa wanaume, dalili ya kawaida zaidi ni maumivu ya kifua. Lakini si lazima yawe makali. Huweza kuwa kubanwa, kulemewa au kuungua kifuani kwa dakika kadhaa, au hisia inayotoweka na kurudi.

Wanawake huelekea zaidi kupata pia dalili nyingine:

- kuishiwa pumzi bila sababu ya wazi;
- kichefuchefu au kutapika;
- maumivu ya mgongo, shingo, taya, bega au mkono;
- jasho la baridi na kizunguzungu;
- uchovu mzito usio wa kawaida, ambao huweza kuanza siku kadhaa kabla.

Mwenye kisukari anaweza kupata mshtuko bila maumivu yoyote ya kifua.

Si kila kiungulia ni tumbo

Mjini Kigali, anayeungua chini ya kidari huambiwa upesi kuwa ana "igifu", neno la Kinyarwanda la maradhi ya tumbo, na hununua dawa ya kupunguza asidi. Mara nyingi huwa ni tumbo kweli. Lakini sehemu hiyo hiyo ndiyo Waswahili huiita chembe cha moyo, na maumivu ya moyo huweza kusikika hapo. Kiungulia kinachoambatana na jasho la baridi, kuishiwa pumzi au maumivu ya taya hakipaswi kusubiri hadi asubuhi.

Ipo pia ishara ya mapema. Mwanamke aliyezoea kupanda vilima vya Kigali bila shida, kisha akaanza kubanwa kifua au kukosa pumzi kila apandapo na kupata nafuu anapopumzika, anahitaji kumwona daktari. Hali hiyo ikimpata akiwa ametulia, ni dharura.

Aliye hatarini zaidi

Shinikizo la juu la damu, kisukari, uvutaji sigara, mafuta mengi katika damu na unene huongeza hatari kwa jinsia zote. Kwa wanawake huongezeka historia ya uzazi: aliyepata shinikizo la juu la damu, kifafa cha mimba au kisukari wakati wa ujauzito hubaki na hatari kubwa zaidi hata miaka mingi baada ya kujifungua. Aliyekoma hedhi mapema naye yumo. Ni vyema kumweleza daktari historia hiyo hata asipouliza.

Tatizo la kutotambuliwa si la Afrika Mashariki pekee. Mwaka 1991, daktari bingwa wa moyo wa Marekani, Bernadine Healy, aliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba mwanamke hakupata matibabu sawa na ya mwanamume hadi alipothibitisha kuwa anaugua kama mwanamume.

La kufanya

Mgonjwa aache kazi, aketi, na apigiwe simu SAMU, huduma ya dharura ya Rwanda, kwa namba 912. Asipandishwe pikipiki: akizimia njiani ataanguka. Dawa ya aspirini hutafunwa kwa ushauri wa mhudumu wa afya, wala haimfai mwenye mzio nayo au anayetokwa na damu. Akizimia na kuacha kupumua, mwenziwe abonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike.

Hospitalini, itamkwe wazi kwamba moyo unashukiwa, na kiombwe kipimo cha umeme wa moyo. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu, huenda kikarudiwa pamoja na kupima damu.

Kabla ya hayo yote, kuna kinga. Shinikizo la damu halina kelele. Hujulikana kwa kupimwa. Vipimo hupatikana katika vituo vya afya, na pia bila malipo katika Jumapili zisizo na magari mjini Kigali, utaratibu ulioanza mwaka 2016. Mama anayewapeleka wanawe kupimwa naye anyooshe mkono wake apimwe.